Tageti Wapange Wao, Msala Ubebe Wewe

Kampuni inayoishi kwa mauzo usiipime kwa maneno ya uadilifu yaliyobandikwa mapokezi. We angalia kitu kimoja tu: anafanywa nini yule mtu wa chini anayesimama kwenye kikao cha asubuhi na kusema, bosi, hii namba haifikiki bila kumdanganya mteja. Tageti yenyewe sina ugomvi nayo, biashara lazima ijue inaelekea wapi na mishahara inatoka kwenye mauzo, hilo halina ubishi. Ugomvi wangu ni kile kinachotokea baada ya huyo mtu kusema ukweli. Akisikilizwa na hesabu ikapigwa upya, hapo pana menejimenti. Akijibiwa "mbona wenzako wanaweza?" basi yatakayofuata yanajulikana, na ushahidi wake mkubwa kuliko wote upo Marekani, kwenye benki ya Wells Fargo, maana kule mambo yalifika bungeni na mahakamani yakaandikwa moja baada ya jingine.

Kwa asiyeifuatilia, hii ni benki kubwa yenye makao yake San Francisco na matawi nchi nzima. Baada ya mgogoro wa fedha wa 2008, wakati benki nyingi za kule zinatukanwa, hii ilikuwa inasifiwa, na sifa yenyewe ilijengwa kwenye staili moja ya biashara: mteja uliyenaye muuzie kitu kingine, na kingine, na kingine. Akija na akaunti ya kawaida mpe ya akiba, mpe kadi, mpe kadi ya mkopo, mpe huduma ya mtandaoni. Hata matawi walikuwa wanayaita maduka. Na lengo lilikuwa kila kaya iwe na bidhaa 8 za benki. Kwanini 8? Mkurugenzi mkuu John Stumpf alilijibu hilo swali mwenyewe kwenye ripoti ya mwaka 2010, kwamba walichagua 8 kwa sababu kwa Kiingereza inatoa vina na neno lenye maana ya "safi sana". Yani namba iliyokuja kufukuzisha watu kazi kwa maelfu haikutoka kwenye utafiti wa mteja anahitaji nini, ilitoka kwenye vina. Wastani wao halisi hata siku za mafanikio ulikuwa unazunguka kwenye 6.

Sasa shuka mpaka tawini ukae kwenye kiti cha mfanyakazi. Desemba 2013 mwandishi wa Los Angeles Times, E. Scott Reckard, alitoa habari baada ya kuongea na wafanyakazi na waliowahi kufanya kazi pale, na ukisoma walichosema unashangaa jinsi kinavyofanana na hadithi unazozisikia huku. Wakubwa wanapiga simu tawini mara kadhaa kwa siku kuuliza mmefikia ngapi. Asiyefikisha anaambiwa abaki jioni au aje wikiendi. Watu wanawabembeleza ndugu na marafiki wafungue akaunti wasizozihitaji. Meneja mmoja wa zamani alieleza alivyogundua kwamba mwanamke asiye na makazi, mtu wa kulala nje, alishawishiwa afungue akaunti 6 zenye makato ya jumla ya dola 39 kwa mwezi. Mtu hana pa kulala, ana akaunti 6.

Ukisikia habari kama hizi ni rahisi kusema wale ni wezi, wafungwe yaishe. Mimi nimekaa kwenye mauzo, na naomba tuliangalie hili taratibu kwa sababu hakuna anayeamka asubuhi akasema leo naenda kufoji. Inaanza na kitu ambacho sio kosa kabisa: mwezi unaisha, umebakiza wateja wawili, unampigia shangazi, shangazi naomba unisaidie fungua tu akaunti hata usipoweka hela. Shangazi anakubali. Mwezi unaofuata tageti imepandishwa kwa sababu mwezi uliopita "tawi lilifanya vizuri", na shangazi ulishamtumia, binamu ulishamtumia, unaanza kumwambia mteja kwamba hii huduma inaendana na ile, huwezi kuchukua moja, kumbe anaweza. Hapo umeshadanganya ila bado kuna saini yake, kwahiyo usingizi unakuja. Mwezi wa tatu meneja anakuita pembeni anakuonyesha jina lako lipo chini, anakwambia juu wanauliza kuhusu wewe, na una kodi ya nyumba na mtoto ana ada. Jirani yako wa meza, yule anayepongezwa kila Ijumaa, anakuonyesha wanavyofanya. Kuanzia hapo saini ya mteja haihitajiki tena.

Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuja kuvieleza vitendo vyenyewe Februari 2020 na benki ikavikubali: wafanyakazi kufungua akaunti bila mteja kujua, kuhamisha hela ya mteja kidogo kutoka akaunti yake halisi kwenda kwenye akaunti feki ili ionekane ina salio, kumwekea mteja namba ya siri ya kadi bila yeye kuwepo, kujaza imeili za uongo ili mteja asipate ujumbe akashtuka. Kipindi kilichokubaliwa ni kuanzia 2002 mpaka 2016. Miaka 14, kwenye benki yenye wakaguzi, wanasheria, bodi na ofisi nzima ya HR. Kitu cha miaka 14 ni utaratibu wa kazi, tusidanganyane kwamba ni vijana wachache wenye tamaa.

Na sio kwamba hakuna aliyesema. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Benki ilikuwa na namba maalumu ya simu ya kuripoti maovu, na watu waliipiga. Mfanyakazi mmoja wa Pennsylvania alipiga hiyo namba na kuwaandikia HR kwamba wanaagizwa kufungua akaunti za uongo, siku 8 baadaye akafukuzwa, sababu iliyoandikwa ni kuchelewa kazini. Wapo wengine waliosimulia mambo ya aina hiyo hiyo, unaripoti, halafu ghafla wanaanza kukuhesabia dakika za kuchelewa ambazo zamani hakuna aliyezijali. Mwaka 2017 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, iliiamuru benki imlipe meneja mmoja wa eneo la Los Angeles dola milioni 5.4 na imrudishe kazini, kwa sababu alifukuzwa 2010 baada ya kuripoti tuhuma za udanganyifu. Tangu 2010 jamani! Miaka 6 kabla dunia haijajua. Na kufukuzwa kule hakuishii kwenye kupoteza mshahara, kuna fomu inaitwa U5 ambayo kampuni za fedha zinaijaza mfanyakazi mwenye leseni ya kuuza hisa na hati fungani anapoondoka, ikiandikwa vibaya benki nyingine hazikugusi. Kwahiyo msema kweli anaondoka na doa, aliyefoji anabaki na cheti cha mfanyakazi bora wa mwezi.

Tuwaangalie na wa juu. Septemba 2016 benki ilitozwa faini ya dola milioni 185 na hapo ndipo ikajulikana kwamba kuanzia 2011 imeshafukuza wafanyakazi kama 5,300 kwa mambo ya mauzo ya udanganyifu. Stumpf akawa anasema hakukuwa na kishawishi chochote cha kufanya mabaya, kosa ni la watu ambao hawakufuata maadili ya benki. Ndani walikuwa wanaliwazana miaka yote kwamba wanaofukuzwa ni asilimia 1 tu, asilimia 99 wako safi, kana kwamba aliyekamatwa ndiye pekee aliyefanya. Bosi wa kitengo chenyewe, Carrie Tolstedt, aliyekuwa anasimamia matawi yote, alitangazwa kustaafu Julai mwaka huo huo kwa sifa kemkem. Stumpf mwenyewe kwa mwaka 2015 alilipwa dola milioni 19.3. Seneta Elizabeth Warren alimkalisha kwenye kiti tarehe 20 Septemba 2016 akamwambia wazi kwamba anasukuma lawama kwa watu wa dirishani, na kwamba yeye ndiye wa kujiuzulu. Aliondoka Oktoba. Hesabu ya akaunti zinazoshukiwa kufunguliwa bila ruhusa ilianzia milioni 2 hivi, mwaka uliofuata ikapanda mpaka milioni 3.5.

Kuwajibishwa kwa wakubwa kulikuja, ila kulichukua muda ambao mtu wa kawaida asingepewa. Bodi iliwanyang'anya mamilioni ya marupurupu, Januari 2020 Stumpf akapigwa faini ya dola milioni 17.5 na kufungiwa maisha asifanye kazi ya benki, na Tolstedt alikiri kosa la kuwazuia wakaguzi, Septemba 2023 akahukumiwa miaka 3 ya kuwa chini ya uangalizi nje ya jela. Wakati huo yule wa dirishani aliyetimuliwa 2011 ameshamaliza miaka 12 anajieleza kwenye kila intavyuu kwanini aliondoka.

Sasa mwenye kampuni anayesoma hapa anaweza kusema sawa, lakini presha ndiyo inaleta hela. Hebu tupige hesabu. Faini ilipotangazwa 2016, makato ambayo benki ilikuwa imewarudishia wateja kutokana na zile akaunti za uongo yalikuwa kama dola milioni 2.6. Milioni 2.6 kwa benki ya ukubwa ule ni hela ndogo sana. Akaunti nyingi zilikuwa tupu, hazina faida kwa mteja wala kwa benki, zilikuwa zinatengenezwa ili ripoti ya jioni ipendeze. Alafu 2020 wakalipa dola bilioni 3 kumaliza kesi, na kabla ya hapo Februari 2018 benki kuu yao iliwawekea ukomo wa kukua, kwamba mali za benki zisizidi kiwango cha mwisho wa 2017, ukomo uliokaa mpaka Juni 2025. Miaka 7 benki nzima imefungwa kamba. Na tageti za bidhaa matawini walishazifuta Oktoba 2016, benki haikufa.

Uingereza nao walipitia ya kwao, na kuna kitu kimoja kule nakipenda. Desemba 2013 mamlaka ya kusimamia huduma za fedha iliitoza benki ya Lloyds faini ya zaidi ya pauni milioni 28, na kilichoadhibiwa kilikuwa mfumo wenyewe wa bonasi. Pale ofisa asipofikisha mauzo anashushwa daraja moja kwa moja na mshahara wa msingi unashuka, ukishushwa madaraja mawili unapoteza karibu nusu. Ofisa mmoja alijiuzia bima yeye mwenyewe, akamuuzia mke wake na mfanyakazi mwenzake ili asishushwe. Kila mtu aliyewahi kuuza huku kwetu anamjua huyo ofisa, kwa sababu wengi wetu tulishawahi kununua bidhaa zetu wenyewe tarehe 30 jioni. Wasimamizi wa kule waliuliza swali sahihi, nani aliyetengeneza mazingira ya mtu kumuuzia mke wake bima ili mshahara usikatwe nusu, na bili wakampelekea huyo.

Tuje nyumbani basi. Tanzania hii kazi za mauzo ndizo zinazowapokea vijana wengi wanaotoka chuo: kufungua akaunti mitaani, kuuza bima, kusajili laini, sola za kulipia kidogo kidogo, mikopo. Wengi hawana ajira, wanaitwa mawakala au frilansa, analipwa komisheni na kiposho kidogo. Lakini saa 1 na nusu asubuhi lazima awe ofisini kwenye kikao, amevaa tisheti ya kampuni, eneo la kwenda anapangiwa, picha akiwa fildi anatuma kwenye grupu la WhatsApp, saa 11 jioni ripoti, na usiku supavaiza anapandisha mkeka wa majina, walioko juu kijani, walioko chini nyekundu, watu wazima wenye watoto wanapakwa rangi nyekundu mbele ya wenzao 60. Nauli yake, bando lake, vocha yake. Akisema mwezi huu mgumu anaambiwa kama umechoka wapo wanaosubiri nafasi yako nje, au ile ile "mbona wenzako wanaweza?". Supavaiza naye simtupii mawe sana kwa sababu anaulizwa na meneja wa kanda saa 2 usiku, na wa kanda anaulizwa na makao makuu, presha inashuka ngazi kwa ngazi na kila ngazi inaongeza ya kwake ili ijiwekee usalama.

Matokeo yake tunayaona hata bila kesi. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, wapo watu wengi waliokuta namba wasizozijua, waliweka kidole mara ya kwanza wakala akasema haijasoma, weka tena, kumbe inasajiliwa laini nyingine. Wakala aliyefanya hivyo amefanya kosa, na akikamatwa anastahili kujibu. Ila mimi nataka aulizwe pia aliyempa tageti ya laini kwa siku kwenye mtaa ambao kila mtu ana laini tatu. Huyo hatumsikii kabisa. Kampuni inatoa taarifa kwamba aliyehusika sio mfanyakazi wetu, ni wakala wa kujitegemea, na habari imekwisha.

Na hapa kuna kitu watu wa mauzo wengi hawakijui. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwaje, kama kipo hata kimoja kati ya vigezo kadhaa. Baadhi ni hivi: namna ya kufanya kazi inasimamiwa au kuelekezwa na mwingine, saa zako za kazi anazipanga yeye, umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, unamtegemea kiuchumi, amekupa vitendea kazi, au unamfanyia yeye peke yake. Soma tena alafu mfikirie yule frilansa wa tisheti na kikao cha saa 1 na nusu. Sio kigezo kimoja, anavyo karibu vyote. Karatasi imwite wakala au balozi wa chapa, sheria inaangalia maisha yake ya kila siku.

Kuna na hili la kukatana. Mteja kashindwa kulipa rejesho, au kifaa kimepotea, kampuni inakata kwenye mshahara wa ofisa mauzo bila hata kumuuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu hivyo. Kukata kwa ajili ya hasara kuna masharti, mfanyakazi awe ndiye mwenye kosa, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake. Na kumfukuza mtu kwa kushindwa kazi nako kuna utaratibu, unatakiwa uchunguze kwanini ameshindwa, umwelekeze, umwonye, umpe muda wa kutosha wa kujirekebisha, na kiwango chenyewe unachompimia kiwe cha haki. Hilo la mwisho ndilo lenye nguvu kwa watu wa tageti. Kama namba haikuwa ya kufikika, kampuni inatakiwa iitetee hiyo namba, sio mfanyakazi peke yake ajitetee.

Kama wewe ni meneja na kweli unataka kujua timu yako ikoje, acha kuangalia waliofikisha tu, kaa na wanaofikisha kila mwezi bila kukosa na uliza kwa upole wanafikishaje, kisha fuatilia wateja wao miezi mitatu baadaye kama bado wanatumia hicho walichouziwa. Komisheni igawe, sehemu ilipwe mteja akishatumia. Angalia wangapi wameondoka ndani ya mwaka, Wells Fargo kitengo cha matawi kilikuwa kinapoteza asilimia 30 na zaidi ya watu wake kila mwaka na wakubwa walikuwa wanaziona hizo takwimu mezani, wakazichukulia kama hali ya kawaida ya kazi ya mauzo. Na mtu akisema namba haifikiki mpe fildi siku moja mwende naye, muone wote. Haya hayahitaji mshauri kutoka nje.

Wewe uliyeko chini, meseji za kwenye grupu zitunze, zile za usiku za kutishia watu, mikeka ya majina, maagizo ya "fungueni tu tutarekebisha baadaye". Ukiagizwa kitu kwa mdomo kirudie kwa maandishi, bosi nimeelewa umesema tufanye hivi, na uache ujumbe wako ukae hapo. Usifoji kwa ajili ya mtu ambaye siku ya siku atasema hakujui. Na ukifukuzwa usikae nyumbani ukisubiri waliokuahidi kukusaidia, malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa yafike CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu uachishwe, migogoro mingine ya kazi kama madai ya malipo ni siku 60, unaanza na fomu namba 1, na kwa kawaida usuluhishi unatangulia kabla ya uamuzi. Kama una chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, kinga ya kuachishwa isivyo halali haikufikii, ila madai ya malipo uliyofanyia kazi bado ni yako. Nenda na mkataba kama upo, kama haupo nenda na tisheti, kitambulisho, miamala ya komisheni kwenye simu na zile picha za fildi walizokulazimisha utume kila siku. Zina tarehe na saa.